Keki ya nazi ya tabaka na krimu chizi: anza kuchagua kutoka juu

Wengi wetu huanza na keki. Tunapima unga, tunagombana na mayai, tunaoka, na keki zikishapoa mezani ndipo tunajiuliza tupake nini. Kwa keki hii fanya kinyume. Ukishaamua kwamba juu itapakwa krimu chizi, umeshaamua pia kwamba keki italala kwenye friji, kwa sababu jibini hiyo haifai kukaa nje zaidi ya saa 2, na joto likizidi nyuzi 32 hata saa 1 inatosha. Kila uamuzi wa chini, wa mafuta, wa tui, wa nazi yenyewe, unatakiwa kujibu swali moja tu: je, kitu hiki kikiwa baridi kitalika?

Mimi swali hilo sikujiuliza. Keki yangu ya kwanza ya aina hii niliitia kila kitu cha nazi nilichokipata: tui zito, mafuta ya nazi, na siagi juu yake. Ilipotoka kwenye oveni nilikata kipande cha pembeni nikala kikiwa moto, nikasema sasa nimefika. Kesho yake nikaitoa kwenye friji mbele ya wageni. Kisu kilipita kama kinakata sabuni. Waliila kwa adabu, na nusu ya kipande cha kila mtu ikabaki kwenye sahani.

Siagi au mafuta

Siagi ina takriban asilimia 80 ya mafuta, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni maji. Inayeyuka kati ya nyuzi 32 na 35, yaani chini kidogo ya joto la mdomo wako, ndiyo maana keki ya siagi iliyo kwenye joto la kawaida inayeyukia ulimini. Ikiwa kwenye friji, nyuzi 4 hivi, siagi hiyohiyo ni jiwe. Keki haijakauka. Mafuta yake yameganda, na ulimi unadanganyika kwamba ni kavu. Ukiiacha ipate joto inalainika tena, ila wageni hawana subira hiyo.

Mafuta ya kupikia yasiyo na harufu, ya alizeti kwa mfano, hayagandi kwenye friji. Keki yake ni laini ikitoka tu, na inabaki hivyo siku 3 au 4. Kasoro zake ni mbili. Ya kwanza ni ladha: siagi ina utamu wake ambao mafuta hayana, na kwenye keki ya nazi, ambayo harufu yake ni ya upole, pengo hilo linaonekana. Ya pili ni hewa. Unapopiga siagi na sukari hadi ziwe nyeupe, chembe za sukari zinachimba vishimo vidogo kwenye siagi na hewa inakaa humo. Mafuta ya maji hayashiki hewa namna hiyo, kwa hiyo kazi yote ya kuumua inabaki kwa bekingi pauda na mayai.

Na mafuta ya nazi? Jina linavutia, lakini hapa ndipo wengi tunapotea. Yanaanza kuganda kwenye nyuzi 24 hivi, na yakiwa baridi yanakuwa magumu kuliko siagi. Halafu yale yaliyosafishwa hayana hata harufu ya nazi, kwa hiyo unapata ugumu bila faida. Kwa keki inayoliwa ikiwa na joto la chumba, sawa. Kwa keki ya friji, hapana.

Uamuzi wangu kwa keki ya kulala ni nusu kwa nusu: siagi gramu 100 kwa ajili ya ladha, mafuta mililita 100 kwa ajili ya ulaini. Kama unabadilisha mapishi yaliyoandikwa kwa siagi tupu, usihamishe gramu kwa gramu. Gramu 100 za siagi zina mafuta halisi gramu 80 tu, kwa hiyo weka gramu 80 za mafuta na kijiko kimoja kikubwa cha maji au maziwa kufidia unyevu.

Namna ya kuchanganya nayo ina upande wake. Njia iliyozoeleka ya kupiga siagi na sukari hutoa keki iliyoumuka juu katikati kama kilima, na kwa keki ya tabaka kilima ni adui, utakikata ukitupe (au ukile ukiwa umesimama, kama mimi). Njia nyingine ni kuvurugia siagi laini ndani ya unga na sukari kwanza hadi vifanane na mchanga mbichi, ndipo uingize mayai na vitu vya maji. Mafuta yanaivika chembe ya unga kabla haijakutana na maji, kwa hiyo unga haupati nafasi ya kuvutika na kuwa kama mkate. Keki inatoka bapa, ina vitundu vidogo, na inakatika bila makombo mengi. Haiumuki sana kama ile ya kwanza, na kwa tabaka ndicho ninachokitaka.

Tui au mtindi

Jibu la haraka la kila mtu ni tui, maana ni keki ya nazi. Ngoja kwanza. Tui zito ni mafuta pamoja na maji, na mafuta yake ndiyo yaleyale ya nazi tuliyoyakimbia hapo juu. Mililita 240 za tui zito la kopo zinaweza kuongeza mafuta karibu gramu 50 kwenye rojo. Ukiliweka tui mahali pa maziwa bila kupunguza siagi, unapata ule mstari mzito, unaong'aa, chini ya keki, kama ugali uliolala.

Mtindi kwa upande wake hauna ladha ya nazi hata kidogo, lakini una asidi. Asidi inalainisha keki, na inakutana na magadi soda ikatoa hewa. Hilo tui haliwezi, kwa sababu tui karibu halina asidi. Nimeona mapishi yanayotaka kijiko kizima cha magadi soda kwenye keki ya tui tupu, na matokeo yake ni rangi ya manjano chafu na ladha ya sabuni, maana magadi hayakupata cha kupambana nacho. Kipimo cha kukumbuka ni nusu kijiko cha chai cha magadi kwa kila mililita 240 za mtindi. Kuumua kulikobaki iachie bekingi pauda, ambayo inabeba asidi yake yenyewe.

Kwa hiyo sichagui kimoja. Natumia tui mililita 180 na mtindi mililita 90, na magadi robo kijiko cha chai isiyojaa. Uchachu wa mtindi hausikiki kama uchachu, unafanya utamu wa nazi usichoshe. Tena unaongea lugha moja na jibini ya juu.

Tui la kukamua mwenyewe au la kopo? La kukamua lina harufu ambayo kopo halitaifikia, ila uzito wake unabadilika kila mara kulingana na nazi na maji uliyotia. Ukilitumia, chukua la kwanza tu. La pili ni maji yenye rangi. La kopo lina uhakika, mradi ulitikise au ulikoroge vizuri kabla ya kupima, kwa sababu likikaa, mafuta hupanda juu na maji hubaki chini. Ukichota juu tu umechota mafuta matupu. Soma pia lebo, maana makopo ya tui jepesi yapo na yanafanana na ya tui zito kama mapacha.

Nazi mbichi au nazi kavu ya pakiti

Hili linategemea inakwenda wapi: ndani ya keki au juu yake.

Ndani, nazi kavu inashinda. Nazi mbichi karibu nusu yake ni maji, na maji hayo yakitoka wakati wa kuoka, keki inakuwa na sehemu zilizoiva na sehemu zenye unyevunyevu. Nazi kavu ina maji asilimia 3 hivi tu. Shida yake ni kiu. Ukiimwaga kavu kwenye rojo, itanyonya unyevu wa keki usiku kucha kwenye friji, na utaisikia kwenye meno kama vumbi la mbao. Dawa ni kuinywesha mapema: pasha tui lako, mimina juu ya gramu 80 za nazi kavu, funika, acha dakika 20. Ikipoa, tumia vyote pamoja.

Juu, mambo yanageuka. Nazi mbichi iliyokunwa ni nyeupe kama pamba, ina maji yake, inalika. Kuna sharti moja tu: unapokuna, mkono umsikilize mbuzi, yaani kile kibao cha kukunia nazi. Mlio unabadilika kidogo nyama ikibaki nyembamba, na hapo ndipo pa kuacha, kwa sababu hatua inayofuata ni ile ngozi ya kahawia, na madoa yake kwenye aisingi nyeupe yanaonekana kama uchafu. Chicha, yaani iliyokwisha kukamuliwa, usiipeleke juu ya keki. Kwa macho ni nazi, kwa ulimi ni karatasi.

Lakini nazi mbichi inachacha. Keki iliyopambwa nayo ile ndani ya siku 2, tena ikae kwenye friji. Ukitaka keki ya siku 4, juu weka nazi kavu ya vipande vipana iliyokaushwa kwenye oveni nyuzi 160 kwa dakika 7 hadi 10, huku unaigeuza mara mbili. Iangalie. Dakika ya 6 ni nyeupe, dakika ya 9 ni rangi ya asali, dakika ya 11 ni ya kutupa. Harufu ya nazi iliyokaangwa ni nzito kuliko ya mbichi, na kusema kweli, kama ningelazimishwa kuchagua moja tu maishani, ningechukua hii. Weupe wote wa keki hauna maana kama pua haishtuki.

Aisingi zenyewe

Hapa ndipo penye vilio. Kwanza jibini: nunua ile ya kipande kigumu, si ile laini ya kwenye kopo la kupaka mkate. Ya kopo imetengenezwa iwe laini hata ikitoka friji, na ulaini huo ndio utakaoona unatiririka pembeni mwa keki. Kama huna budi, tumia kidogo, gramu 300 mahali pa 450, ifunge kwenye kitambaa safi uiminye, na siagi uiache palepale.

Njia ninazozilinganisha ni tatu. Ya kwanza ni ya kawaida: siagi, sukari ya unga, krimu chizi. Ya pili ni krimu chizi na krimu ya maziwa ya kuchapa. Ya tatu naiita ya uji: unga unapikwa na maziwa na sukari ya kawaida hadi uji mzito, unapoa kabisa, ndipo unapigwa na siagi na kumaliziwa na jibini.

| | Ya siagi | Ya krimu ya kuchapa | Ya uji |
|---|---|---|---|
| Krimu chizi | gramu 450 | gramu 450 | gramu 225 |
| Mwenzake | siagi gramu 225 | krimu nzito mililita 360 | siagi gramu 225, maziwa au tui mililita 240, unga gramu 40 |
| Sukari | ya unga, gramu 450 hadi 500 | ya unga, gramu 150 | ya kawaida, gramu 200 |
| Utamu | mkali | mdogo | wa wastani |
| Kusimama wima | vizuri ikiwa baridi | inahitaji uangalifu | vizuri |
| Kazi | ndogo | ndogo | kubwa, na kusubiri |

Ya siagi ndiyo ninayompa mtu anayeanza. Ina siri moja, na siri hiyo ni mpangilio. Watu hutia jibini na sukari pamoja kwanza. Sukari inavuta maji kutoka kwenye jibini, mchanganyiko unalegea, mtu anaogopa, anaongeza sukari nyingine, nayo inavuta maji zaidi. Mwisho anapata supu tamu. Fanya hivi: piga siagi laini na sukari yote dakika 3 au 4 hadi iwe nyeupe na nyepesi. Kisha punguza mwendo wa mashine, tia jibini ikiwa bado ya baridi, kipande kimoja kimoja. Tazama uso wake. Mwanzoni utaona mabonge madogo, baadaye yanapotea na aisingi inakuwa kama pamba isiyong'aa. Simama hapo. Ikianza kung'aa kama imepakwa mafuta, umepitiliza. Ikilegea, ipeleke friji nusu saa, usiiongezee sukari.

Ya krimu ya kuchapa ni tamu kwa maana ya kupendeza, si kwa maana ya sukari. Ukila vipande viwili hujutii. Krimu iwe na mafuta asilimia 35 au zaidi, iwe baridi sana, na jibini ilainishwe na sukari kwanza ili isibaki na mabonge. Hapa hakuna siagi ya kugandisha, kwa hiyo keki ndefu ya tabaka nne ikisafirishwa kwenye gari lenye joto itaanza kuinama. Kwa tabaka mbili zinazoliwa nyumbani, ndiyo bora kuliko zote, na sibishani na mtu juu ya hilo.

Ya uji inatisha watu kwa jina, lakini ni ya hariri. Faida yake kwa keki hii ni kwamba uji unaweza kupikwa kwa tui, na hapo unapata ladha ya nazi ndani ya aisingi bila kuongeza maji mabichi. Koroga bila kuacha hadi mwiko uache njia chini ya sufuria, kisha funika uso wa uji na plastiki iuguse kabisa, la sivyo utafanya ngozi na ngozi haiyeyuki tena. Ukiutia ukiwa na joto hata kidogo, siagi inayeyuka na kazi imeharibika.

Kuoka tatu nyembamba au kukata mbili nene

Kwa kifupi: kama una tini tatu, oka tatu. Zinaiva dakika 24 hadi 28 kwenye nyuzi 175, hazihitaji kisu, na zinapoa haraka. Gawa rojo kwa mizani, si kwa jicho. Kwa vipimo vyangu hapa chini kila tini ya sentimita 20 inapata kama gramu 450. Ukiwa na tini mbili, keki nene zitachukua dakika 34 hadi 38 na utakata kila moja katikati kwa ulalo, upate tabaka nne nyembamba na makombo mengi. Zilaze friji usiku kucha kabla ya kukata, zitatulia chini ya kisu.

Usidhani tini ya sentimita 23 ni sawa tu na ya 20. Eneo lake ni kubwa kwa karibu theluthi moja. Rojo lilelile litakupa chapati.

Mayai, neno moja: wanaotaka keki nyeupe pe hutumia ute mtupu. Inakuwa nyeupe, na inakuwa kavu, maana mafuta ya yai yako kwenye kiini. Mimi natumia mayai mazima 4. Rangi ya krimu hafifu haijamuumiza mtu.

Nikiziweka pamoja

Keki ya kuliwa leo, tabaka mbili: siagi tupu gramu 200, tui zito mililita 240, bekingi pauda peke yake bila magadi, aisingi ya krimu ya kuchapa, nazi mbichi juu. Keki unaiacha kwenye joto la chumba, aisingi inasubiri friji, unapaka muda mfupi kabla ya wageni. Siagi haipati nafasi ya kuganda. Kwa harufu, hakuna inayoifikia.

Keki ya kesho au keshokutwa, tabaka tatu: unga gramu 330, sukari gramu 300, siagi gramu 100, mafuta mililita 100, mayai 4, tui mililita 180 lililonyweshwa nazi kavu gramu 80, mtindi mililita 90, bekingi pauda vijiko viwili na nusu vya chai, magadi robo isiyojaa, chumvi nusu kijiko, vanila. Aisingi ya siagi. Paka kwanza mpako mwembamba wa kukamata makombo, weka friji dakika 30, ndipo upake wa pili. Nazi iliyokaangwa ibandike pembeni kwa kiganja siku ya kula, si siku ya kupaka, vinginevyo inalowa na ule ukarakara unaondoka.

Hii ya pili itoe friji dakika 45 kabla ya kukata, ukihesabu muda huo ndani ya zile saa 2. Chovya kisu kirefu kwenye maji moto, kifute, kata, kifute tena. Kipande cha kwanza kitavunjika hata hivyo, na hicho ni cha mpishi.